Uzi: VB.NET na C# ndani ya programu moja. Nani hasa anaziendesha, na kwa nini asubuhi mfumo unasuasua?

#1 Mtunza_Vitabu
Wakuu, habari za jioni.

Natunza mfumo wa chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Sehemu ya kupokea michango iliandikwa kwa VB.NET na kijana aliyekuwepo kabla yangu. Mimi nimeongeza sehemu ya mikopo kwa C#. Zote zinafunguka kwenye dirisha moja. Klasi yangu ya C# inarithi klasi yake ya VB na hakuna kinacholalamika. Hilo peke yake linanishangaza: lugha mbili, sarufi mbili, halafu zinashikana kama watoto wa tumbo moja.

Sasa kuna mtaalamu ametushauri VB yote iandikwe upya kwa C#, kwa madai kwamba VB ni nzito na C# ni nyepesi. Ushahidi wake ni huu: asubuhi mfumo unachukua sekunde 23 ndipo dirisha la kwanza litokee. Bodi inataka jibu Ijumaa.

Je, ni kweli VB ni polepole? Na ni nani hasa anayeendesha lugha mbili kwa pamoja? Nawasilisha.

#2 Kipanga
Mkuu, huyo mtaalamu amechanganya mambo. Kompyuta yako haijui VB wala C#. Kompaila ya VB inasoma msimbo wa VB na kutoa lugha ya kati iitwayo IL. Kompaila ya C# nayo hivyo hivyo. Faili la .dll likishatoka, lugha uliyoandikia imemaliza kazi yake.

Ndani ya faili hilo, pamoja na IL, kuna orodha kamili ya klasi, fanksheni, aina za vigezo, na nani anamrithi nani. Hiyo ndiyo metadata. C# yako iliporithi klasi ya yule kijana haikusoma hata mstari mmoja wa VB yake. Ilisoma metadata tu.

Wakati wa kuendesha anaingia CLR, injini ya .NET inayoendesha programu. Fanksheni inapoitwa mara ya kwanza, JIT, kompaila iliyo ndani ya CLR, anaichukua IL yake, anaigeuza kuwa maelekezo ya prosesa yako na kuyaweka kwenye kumbukumbu. Mwito wa pili unakwenda pale pale moja kwa moja. Kwa hiyo VB na C# zina kasi ileile. Mwambie asile hela za wanachama.

#3 Nyota_ya_Kusini
Nafundisha chuoni, na somo hili nalieleza kwa unga. Mahindi ya shamba hili na mahindi ya shamba lile yakipita mashineni yanatoka unga, na unga unasafiri popote. Ukifika kwako unaupika kwa jiko ulilo nalo: mkaa, gesi au kuni. IL ndiyo unga. JIT ni mpishi aliye jikoni kwako, anayejua jiko lake. Ndiyo maana .dll ileile inaweza kwenda kwenye mashine ya Intel au ya Arm64, kila moja ikapika kivyake.

Na ugali haupikwi wa kijiji kizima kwa wakati mmoja. JIT anapika fanksheni inayoitwa tu. Ripoti ya mwisho wa mwaka inaweza kukaa unga miezi kumi na moja.

#4 Mzee_wa_Moduli
Kipanga umesema kweli nusu. Hiyo sifa ya uzito wa VB ina chimbuko lake, na mimi nilikuwepo. VB6 ya mwaka 1998 haikuwa na CLR kabisa. .NET toleo la kwanza lilitoka Februari 2002, na VB iliyomo humo ni lugha nyingine iliyovaa nguo za ile ya zamani. Wengi wetu tulikasirika. Programu tulizohamisha kwa zana ya kubadilisha zilitoka zimejaa `On Error Resume Next` (likitokea kosa, ruka uendelee) na vigezo vya aina ya `Object`. Zikawa nzito kweli kweli. Watu wakailaumu lugha.

Mtunza_Vitabu, fungua faili la kwanza la VB na utazame juu kabisa. Kuna `Option Strict On`? Kama haipo, na kwenye mipangilio ya mradi nako iko Off, hapo ndipo pa kuanzia. Kigezo kikitangazwa `As Object`, kompaila haijui ni klasi gani, kwa hiyo haiwezi kutoa mwito wa moja kwa moja. Inatoa mwito wa kwenda kwenye maktaba ya Visual Basic ili ikatafute fanksheni kwa jina wakati programu inakimbia. Kila mara. JIT hawezi kukuokoa hapo, maana IL yenyewe ndiyo inayosema "katafute".

#5 Kipanga
Shikamoo Mzee. Nakubali kuhusu `Object`. Lakini VB iliyoandikwa kwa `Option Strict On` na C# ya kawaida, IL yake ni moja.

#6 Sururu
Si moja, Kipanga. Nimejaribu sasa hivi. Fanksheni ya kujumlisha namba mbili za biti 32, C# imetoa hivi:

```
ldarg.0
ldarg.1
add
ret
```

VB imetoa hivi (nimeiweka kwenye Module ili ifanane):

```
ldarg.0
ldarg.1
add.ovf
ret
```

Tazameni mstari wa tatu. IL inafanya kazi kwa rundo: weka cha kwanza, weka cha pili, jumlisha viwili vya juu. Tofauti ni kwamba `add.ovf` inakagua kama jibu limefurika nafasi yake, na likifurika inarusha kosa. `add` haijali. VB hukagua mpaka umzuie. C# haikagui mpaka umwambie.

Gharama yake kwa kasi ni ndogo sana, prosesa inaongezewa ruko moja la masharti. Lakini maana yake kwa mahesabu si ndogo hata kidogo.

#7 Mtu_wa_Matrah
Sururu kagusa kidonda changu. Nipo Muscat sasa, lakini zamani nikiwa Dar tulihamisha mfumo wa chama kimoja kutoka VB kwenda C#, mstari kwa mstari. Jumla ya akiba ilikuwa `Integer` kwenye VB, tukaiandika `int` kwenye C#. Biti 32 zote mbili, aina ileile ndani ya CLR, jina lake la kweli ni `System.Int32`. Tukaona tumeshinda.

Kikomo cha aina hiyo ni 2,147,483,647. Kwa dola hiyo ni hela ya kutisha. Kwa shilingi ya Tanzania ni chama cha kawaida tu chenye wanachama wengi. Siku akiba ya matawi mawili ilipojumlishwa, 1,900,000,000 na 300,000,000, ripoti ikatoka na −2,094,967,296. Hakuna kosa lililorushwa, hakuna onyo. Mhasibu akaiona mbele ya wajumbe. Ingekuwa VB ileile ya zamani ingesimama na kusema imefurika, tungejua siku hiyo hiyo ni wapi.

Tangu hapo hela naweka kwenye `decimal`, na miradi yangu ya C# nawasha ukaguzi wa kufurika kwa mradi mzima. Ndugu yangu wa Morogoro, kabla hujaandika upya mstari mmoja, hesabu kila `Integer` inayobeba shilingi.

#8 Mtunza_Vitabu
Shukrani wakuu, nimesoma mpaka macho yanauma.

Mtu_wa_Matrah umenitia hofu njema. Sasa niseme jambo nililolificha kwenye posti ya kwanza kwa sababu nilidhani ni uzembe wangu. Riba inayokokotolewa na sehemu ya VB na ile ninayokokotoa kwa C# zinapishana shilingi moja moja. Si kwa kila mwanachama. Kwa wengine tu. Nimekagua fomula mara kumi, ni ileile. Mwezi uliopita tofauti ilikuwa shilingi 37 kwa chama kizima. Mweka hazina ameniuliza hela hizo zinakwenda wapi, na sikuwa na jibu.

#9 Nyota_ya_Kusini
Pole sana. Nadhani naijua. Niambie tu: upande wa VB mnatumia `CInt`, na upande wa C# umeandika `(int)` mbele ya namba?

#10 Mtunza_Vitabu
Ndiyo. Kote kote.

#11 Nyota_ya_Kusini
Basi umeipata. `CInt` ya VB inakadiria, na nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa hiyo 1250.5 inakuwa 1250, lakini 1251.5 inakuwa 1252. `(int)` ya C# haikadirii kitu, inakata desimali tu: 1251.5 inakuwa 1251, na hata 1251.9 inakuwa 1251. Ukifungua IL utaiona kwa macho yako. Kompaila ya VB imeingiza mwito wa `Math.Round` kabla ya kubadili aina, ya C# haikuingiza.

Hakuna aliyeiba. Ila amueni chama chenu kinakadiria vipi, liandikwe kwenye fanksheni moja, na lugha zote mbili ziite hiyo hiyo. Hapo ndipo faida ya CLR ilipo: fanksheni ikae kwenye C#, VB iite, wala hakuna daraja la kujenga.

#12 Mtunza_Vitabu
Dada, Mungu akubariki. Wiki tatu silali vizuri kwa ajili ya shilingi 37.

#13 Sururu
Mengine ya kuangalia mkihamisha, kwa haraka. Alama ya `/` kwenye VB hutoa desimali hata kwa namba kamili. 7/2 ni 3.5. C# inatoa 3. `Dim malipo(12)` ina nafasi 13, kuanzia 0 hadi 12. `new decimal[12]` ya C# ina 12. Na kwenye VB, maandishi yaliyo `Nothing` ukiyalinganisha na "" kwa alama ya = utaambiwa ni sawa; C# itakuambia si sawa.

#14 Mzee_wa_Moduli
Hiyo ya nafasi 13 ilinilisha miaka. Tulikuwa tunaanza Januari kwenye 1 na kuiacha 0 tupu. Kijana akija na C# anakuta mwezi wa kumi na mbili umeanguka nje ya mstari.

#15 Jirani_wa_Java
Nimesoma kimya kimya. Haya yote Java ilikuwa nayo kabla ya .NET: baitikodi na mashine pepe tangu 1995, JIT muda mfupi baadaye. Leo mashine pepe hiyo, JVM, inaendesha Kotlin, Scala, Groovy, Clojure. Kwa nini watu wa .NET huongea kama wao ndio waliovumbua unga?

#16 Sururu
Jirani karibu, vuta kiti. Hakuna aliyesema walivumbua. Tofauti ni kwamba JVM iliundwa kwa ajili ya lugha moja, nyingine zikaja kupanga chumba. IL ilichorwa tangu mwanzo ikijua wapangaji watakuwa wengi. Ina namba zisizo na alama ya hasi, ina aina za thamani unazoweza kujitungia, ina poenta kwa ajili ya C++, na ina kiambishi `tail.` ambacho F#, lugha nyingine ya .NET, inakitumia ili fanksheni zinazoitana zisijaze rundo.

Chukua na orodha. `List<Integer>` ya Java, ikishakompailiwa, aina iliyo ndani ya mabano inafutwa na kila namba inafungwa ndani ya kisanduku chake. `List<int>` ya .NET inabaki kuwa ya `int` hata wakati wa kukimbia, na JIT anaitengenezea msimbo wake maalumu. Ililetwa na toleo la 2.0 mwaka 2005, kazi ya Don Syme na Andrew Kennedy wa maabara ya Microsoft kule Cambridge. Don Syme huyo huyo ndiye baba wa F#.

#17 Jirani_wa_Java
Kwenye orodha umenishika. Lakini sema na upande wa pili: HotSpot, yaani JVM ya kawaida, huanza kwa kutafsiri agizo kwa agizo, inakompaili sehemu zenye moto tu. CLR ya kawaida haitafsiri kamwe, lazima ikompaili kila fanksheni hata kama itaitwa mara moja maishani. Sekunde 23 za huyu ndugu zimetoka hapo. Angekuwa kwetu angeanza haraka.

#18 Kasuku
Samahani mimi mgeni. Nilisoma kwamba .NET inakompaili mara mbili: kwanza haraka haraka, halafu fanksheni ikiitwa mara 30 inakompailiwa upya vizuri. Sasa Jirani anasemaje kwamba inakompaili kila kitu kwa nguvu zote mwanzoni?

#19 Kipanga
Kasuku umesoma sahihi, ila ni .NET mpya. Ukompaili wa ngazi uliwekwa kuwa wa kawaida kuanzia .NET Core 3.0, mwaka 2019. Toleo la 7 likaongeza uwezo wa kuibadilisha fanksheni hata ikiwa katikati ya mzunguko mrefu. Toleo la 8, la Novemba 2023, likawasha jambo lingine kwa kila mtu: ngazi ya kwanza inahesabu njia zinazopitwa sana, ngazi ya pili inajengwa kwa kufuata hesabu hiyo. Kwa hiyo programu ileile inaweza kupikwa tofauti Jumatatu na Jumanne kulingana na wateja waliokuja.

Mtunza_Vitabu uko toleo gani?

#20 Mtunza_Vitabu
.NET Framework 4.8, Windows 10, programu ya dirishani, si ya wavuti. Samahani sikusema mapema.

#21 Kipanga
Basi ngazi hazikuhusu. Framework inapika mara moja tu.

#22 Mwana_wa_Pwani
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nisingeilaumu JIT. Niliwahi kuwa na programu iliyokuwa ikikaa sekunde 15 hivi kabla ya kufunguka, na ni siku ambazo mtandao haupo tu. Mtandao ukiwepo, inafunguka upesi. Kumbe .dll zilikuwa zimetiwa saini ya cheti, na CLR ilikuwa inataka kwenda kwenye intaneti kuuliza kama cheti kimefutwa. Haipati jibu, inangoja mpaka ichoke. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili la .config: `generatePublisherEvidence` iwe `false`.

#23 Sururu
Mwana_wa_Pwani, hiyo ilikuwa kweli kwa toleo la 2.0 mpaka 3.5. Kuanzia 4 mstari huo haubadilishi muda wa kupakia .dll.

#24 Mwana_wa_Pwani
Ahsante kwa kunirekebisha. Yangu ilikuwa 3.5 kweli. Lakini nduguyo akijaribu kuchomoa waya wa mtandao na kupima hapotezi kitu.

#25 Nyota_ya_Kusini
Kabla ya kubishana, kipimo kimoja rahisi. JIT wa Framework hahifadhi kitu. Ukifunga programu, alichopika chote kinamwagwa. Kwa hiyo fungua asubuhi, pima. Ifunge kabisa, fungua tena hapo hapo, pima. JIT atakuwa amefanya kazi ileile mara zote mbili. Kinachobadilika ni diski: mara ya pili Windows tayari ina mafaili kwenye kumbukumbu. Tofauti ya mara mbili hizo si ya JIT.

#26 Mtunza_Vitabu
Nimepima leo asubuhi. Mara ya kwanza sekunde 22. Nikaifunga na kuifungua: sekunde 7.

#27 Nyota_ya_Kusini
Basi sekunde 15 ni za diski. JIT yuko ndani ya zile 7, na hata humo hayuko peke yake.

#28 Dada_Linux
Dada Nyota, hapo umekimbia kidogo. Antivirasi nayo ina kumbukumbu. Faili ikishakaguliwa na haijabadilika, mara ya pili hukaguliwa juu juu. Na seva ya hifadhidata nayo asubuhi iko baridi, swali la kwanza linasoma diski ya seva, la pili linasoma kumbukumbu ya seva. Kwa hiyo 15 ni za diski, au antivirasi, au seva, au vyote vitatu. Kipimo chako kimemtoa JIT kwenye kesi, hakijamtaja mkosaji.

#29 Nyota_ya_Kusini
Nimekubali.

#30 Mzee_wa_Moduli
Mafaili ya .dll yako mangapi kwenye folda? Na kompyuta zina diski ya kuzunguka au SSD?

#31 Mtunza_Vitabu
Mzee, .dll ni 64. Nyingi ni za maktaba ya ripoti. Diski ni za kuzunguka, kompyuta za mwaka 2014.

#32 Mzee_wa_Moduli
Mafaili 64 kwenye diski ya kuzunguka, na kila moja linaguswa na antivirasi. Mimi sihitaji kipimo kingine. Nunua SSD moja, weka kwenye kompyuta ya mweka hazina, halafu uone bodi inasema nini. Ni bei ndogo kuliko siku moja ya huyo mtaalamu.

#33 Kipanga
Na kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeuliza. Mmejenga kwa Debug (ya kusaka makosa) au Release (ya kazini)? Ikiwa Debug, kompaila inabandika alama kwenye .dll inayomwambia JIT asiboreshe chochote. Nimekuta mifumo imekaa kazini miaka ikiwa hivyo.

#34 Mtunza_Vitabu
...Debug. Sehemu ya VB ni Debug. Ya kwangu ni Release.

#35 Sururu
Basi hata mashindano ya VB na C# aliyoyaona huyo mtaalamu hayakuwa mashindano. Mmoja alikimbia na mawe mfukoni.

#36 Jirani_wa_Java
Narudisha nilichosema kuhusu sekunde 23. Bado nasimama kwenye 7 hata hivyo.

#37 Sururu
Za 7 zina dawa bila kubadili lugha. Moja ni `ngen install` ukiwa na haki za msimamizi: inapika IL yote mapema na kuweka kwenye hifadhi ya Windows. Ni ya kompyuta hiyo tu, na ukisasisha .dll lazima uipike upya. Nyingine ipo tangu 4.5, mistari miwili ya `ProfileOptimization` mwanzoni mwa `Main`: CLR inaandika fanksheni zilizotumika wakati wa kufunguka, na kesho yake inazipika pembeni kwenye kiini kingine cha prosesa huku dirisha likiendelea kujichora.

#38 Kasuku
Kwa nini wasipike kila kitu mapema siku zote? Kisha huyo JIT apumzike.

#39 Dada_Linux
Wapo wanaofanya hivyo. Kwenye iPhone ndiyo njia inayotumika, maana Apple hairuhusu programu za kawaida kutengeneza msimbo mpya wakati zinakimbia. Kwenye seva na Linux kuna Native AOT tangu .NET 7: unapata faili moja, hakuna JIT ndani. Mimi naitumia kwa zana ndogo za mstari wa amri na inafunguka papo hapo. Ila unapoteza. Kupakia .dll mpya programu ikiwa inakimbia huwezi, na msimbo unaojichunguza wenyewe kwa metadata unapata shida, kwa sababu kile ambacho kompaila haikuona kinatumika kimekatwa. Kupika upya kwa kufuata wateja waliokuja, kama alivyoeleza Kipanga, nako hakupo.

Na kwa Mtunza_Vitabu haifai kabisa. Windows Forms na maktaba ya ripoti ya zamani haviendi huko.

#40 Mwana_wa_Pwani
Mnaandika "kompaili", "kukompaili", "ukompaili". Nilipokuwa skuli mwalimu alisema "kikusanyi".

#41 Nyota_ya_Kusini
Kukusanya ni kuleta pamoja vilivyotawanyika. Hapa hakuna kilichotawanyika, kuna lugha inageuzwa kuwa lugha. Darasani nasema kompaila na kila mtu ananielewa.

#42 Mwana_wa_Pwani
Kigeuzi basi. Lugha yetu haishindwi.

#43 Kipanga
Kigeuzi si mbaya. Ila JIT naye ni kigeuzi, na sasa tuna vigeuzi viwili kwenye sentensi moja na Kasuku atapotea.

#44 Kasuku
Nimeshapotea tangu `tail.` ila nipo.

#45 Mtu_wa_Matrah
Turudi kwenye bodi ya Ijumaa. Sehemu ya usalama nayo isemwe. Kwa kuwa metadata iko wazi, yeyote mwenye zana kama ILSpy anaifungua .dll yenu na kuisoma karibu kama mlivyoiandika. Na anaweza kuisoma kwa C# hata kama iliandikwa kwa VB. Kama kuna nenosiri la hifadhidata limeandikwa ndani ya msimbo, hesabuni kwamba liko mtaani.

#46 Mtunza_Vitabu
Lipo. Nitalitoa leo.

Mtu_wa_Matrah umenipa wazo. Kama ILSpy inaisoma .dll ya VB na kuionyesha kwa C#, si ndiyo kuandika upya kwenyewe? Bonyeza, nakili, umemaliza.

#47 Sururu
Usijaribu. Itakupa C# inayoita maktaba ya Visual Basic kila mahali, majina ya vigezo vya ndani ya fanksheni yamepotea, na `On Error` itatoka kama msitu. Itakimbia, lakini hakuna binadamu atakayeitunza.

#48 Mzee_wa_Moduli
Na kwa bodi, useme na hili, kwa haki. Machi 2020 Microsoft walitangaza kwamba VB haitaongezewa mambo mapya ya lugha. Haijafa, inaendelea kufanya kazi kwenye .NET mpya, lakini imesimama pale ilipo. Hiyo ni sababu ya kweli ya kuhamia C# polepole, klasi baada ya klasi, ndani ya mfumo uleule unaofanya kazi. Kasi si sababu.

#49 Mtunza_Vitabu
Wakuu, mrejesho. Nimejenga VB kwa Release, nikapiga `ngen` kwenye kompyuta ya mweka hazina. Asubuhi ya leo: sekunde 18 mara ya kwanza, 4 mara ya pili. Nimechomoa waya wa mtandao nikapima mpaka dirisha la nywila, ambalo haliiti seva: namba zilezile. Kwa hiyo Mwana_wa_Pwani, cheti hakihusiki.

Riba: nimeandika fanksheni moja ya kukadiria, pande zote zinaiita. Nimerudia mahesabu ya mwezi uliopita. Tofauti ni sifuri.

#50 Dada_Linux
Hongera kwa sifuri. Na kama bila mtandao ni 18 zilezile, seva naitoa kwenye orodha yangu. Imebaki diski na antivirasi.

#51 Mzee_wa_Moduli
Diski.

#52 Dada_Linux
Mzee, aiondoe folda ya programu kwenye ukaguzi wa antivirasi kwa asubuhi moja tu, apime, ndipo tuseme diski.

#53 Mtunza_Vitabu
Hiyo inahitaji ruhusa ya ofisi ya mkoa. Nimeandika barua leo. SSD nimeazimwa na shemeji yangu, naifunga kesho jioni kwenye kompyuta ya pili, kwa hiyo Jumatatu nitakuwa na mashine mbili za kulinganisha. `Integer` zinazobeba shilingi nimezihesabu: 41. Kumi na moja nimeshazigeuza.